Kakatua mweupe: uzuri wake, unga wake na bili ya daktari

Nyota mbili kati ya tano, na hizo mbili ni za akili yake.

Tunayemzungumzia ni Cacatua alba, kakatua mkubwa mweupe wa Halmahera, Bacan, Ternate na Tidore, Indonesia. Ana urefu wa sentimita 46 hivi, na kishungi chake hufunguka kama mwavuli. Dukani muuzaji humtoa tunduni akamlaza kifuani kwa mteja, ndege akainamisha kichwa akunwe. Hapo ndipo pochi hufunguka, na hapohapo ndipo ugonjwa huanza.

Ukimpapasa mgongoni, chini ya mabawa au kwenye shina la mkia, yeye huona amepata mwenza. Jike hutaga mayai mfululizo, kalsiamu ikamwishia, yai likamkwama. Dume humgeukia kila anayekukaribia, na mdomo ule unaovunja kokwa hauishii kwenye ngozi. Kuna lingine baya zaidi: kujikamua na kujisugua kila siku, pamoja na kubana kinyesi kwa saa nyingi akisubiri kutolewa tunduni, hulegeza misuli ya kloaka, tundu moja analotolea kinyesi, mkojo na mayai. Siku moja utaona kinundu chekundu, chenye majimaji, kimetokeza chini ya mkia. Usikisukume kwa kidole. Kiloweshe kwa maji ya chumvi ya hospitali, mweke kwenye boksi lenye giza na joto, mpeleke kwa daktari wa ndege siku hiyohiyo. Wengi hushonwa, na asiyebadilishiwa mazoea nyumbani hurudi na tatizo lilelile. Kuna njia moja tu ya kumkuna: kichwani na shingoni, basi.

Akinyonyoka manyoya ya kifua, usikimbilie kusema ni upweke. Kwanza apimwe sumu ya zinki na virusi vya ugonjwa wa mdomo na manyoya. Vipimo vikiwa safi, ndipo uangalie ratiba yake: usingizi wa saa 10 hadi 12 gizani, mbao laini za kutafuna, chakula kilichofichwa ndani ya karatasi akitafute. Wapo wanaovuka manyoya wakaingia kwenye nyama. Kola ya kumvisha shingoni asijifikie huzuia kidonda tu, chanzo kinabaki palepale.

Halafu unga. Futa meza nyeusi asubuhi, jioni utaandika jina lako juu yake kwa kidole. Unatoka kwenye manyoya laini yanayosagika mwilini mwake, na ni wa kawaida kwa ndege mwenye afya. Mwenye pumu asimnunue kabisa. Hata asiye na pumu, akipata kikohozi kikavu, homa na kifua kubana saa chache baada ya kusafisha tundu, amwambie daktari kwamba anafuga kakatua. Mzio huo ukipuuzwa huacha makovu kwenye mapafu. Safisha kwa kitambaa kibichi, si kwa fagio, vaa barakoa, na umwogeshe kwa chupa ya kunyunyizia mara tatu kwa wiki.

Kelele za alfajiri na machweo hazitibiki. Ukimjibu kwa kufoka, umempa alichotaka.

Tundu lisipungue sentimita 90 kwa 75, kimo 120, lenye nondo nene na nafasi ya sentimita 2 hadi 2.5, bila kupakwa zinki. Weka kufuli la ufunguo: mwaka 2013 watafiti wa Vienna walionyesha jamaa yake mdogo, kakatua wa Goffin, akifungua vizuizi vitano vilivyofuatana. Mbegu za alizeti kila siku humjaza ini mafuta. Sehemu kubwa ya chakula iwe peleti, yaani chembe za chakula kilichosagwa na kushindiliwa, pamoja na mchicha, karoti na boga. Parachichi na chokoleti ni sumu kwake. Kikaango chenye tefloni, ule utando usioshika chakula, kikiungua jikoni, mvuke wake humuua kwa dakika chache.

Kabla ya kulipa, dai kibali cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini), pete ya mguuni isiyo na kiungo, na majibu ya vipimo viwili: cha virusi vya manyoya na cha homa ya kasuku. Mpime kwa mizani ya jikoni uandike gramu zake; akipungua asilimia 10 ni dharura. Akiwa bado kifaranga anayelishwa uji kwa bomba la sindano, mwache dukani mpaka ale mwenyewe, hata muuzaji akikupunguzia bei.