Fainali ya Asia: mikondo miwili au mji mmoja?

Fainali ya Ligi ya Mabingwa Asia ya msimu wa 2022, iliyosogezwa hadi 2023, iliwakutanisha Al-Hilal ya Saudi Arabia na Urawa Red Diamonds ya Japani kwa mikondo miwili, nyumbani na ugenini. Mjini Riyadh walitoka sare ya 1-1, Salem Al-Dawsari wa Al-Hilal akifunga na baadaye kulambwa kadi nyekundu. Wiki moja baadaye, huko Saitama, nyumbani kwa Urawa, André Carrillo wa Al-Hilal alijifunga mapema kipindi cha pili, na Urawa wakatwaa taji lao la tatu kwa jumla ya mabao 2-1.

Msimu wa 2024/25, timu nane za robo fainali zilikusanywa Jeddah, Saudi Arabia, kwa mtoano wa mchezo mmoja mmoja. Utaratibu huu hauna hesabu za jumla ya mabao, jambo linalowafurahisha wengi, lakini uwanja haukuwa huru kwa kila mtu. Kawasaki Frontale ya Japani, waliowatoa Al-Sadd baada ya dakika 120 na kisha Al-Nassr, wakicheza michezo mitatu ndani ya siku saba, walifungwa 2-0 katika fainali na Al-Ahli, ambao Jeddah ndiko kwao. Kwangu mimi, mikondo miwili ilikuwa ya haki zaidi, kwa sababu Saitama nao walipata zamu yao ya kushangilia.