Maboksi ya bahati: nyota mbili, na ya pili nimeitoa kwa shingo upande

Gemu yenyewe sina neno nayo, jina naliweka kapuni, leo naongelea duka lake tu. Yaani yale maboksi ya bahati, luti boksi, unalipa kwanza bila kujua ndani utapata nini. Siku moja mimi na mshikaji wangu aliyeko nchi nyingine tukafungua duka muda mmoja tukiwa kwenye simu, boksi ni lile lile, lakini kwangu bei iko juu karibu mara moja na nusu. Nikawaka. Nikajua nimepigwa.

Kumbe ndo kawaida. Kila nchi inapangiwa bei yake kulingana na watu wa huko wanaweza kutoa ngapi, halafu kuna kodi ya serikali, kuna thamani ya pesa kupanda na kushuka, na duka la simu nalo linakata chake, Apple na Google kwa miaka mingi kiwango chao kilikuwa asilimia 30 ingawa watengenezaji gemu wadogo walikuwa wanakatwa 15. Boksi halina gharama ya kutengeneza kila moja, ni kopi tu, so hakuna bei ya chini ya kusema hapa tunapata hasara, wanaweka popote mtu atakapolipa.

Halafu almasi sasa, yaani pesa ya ndani ya gemu unayoinunua kwa pesa ya kweli! Boksi ni almasi 300 ila kuna furushi la 250 na la 500, la 300 hakuna, kwa hiyo unanunua 500 inabaki 200 haifai kitu, unaongeza tena ili ile 200 isikae bure, na hapo ushasahau boksi moja limekutoa pesa ngapi za kweli. Hii ndo naichukia kuliko zote. Na ukikaa wiki mbili bila kuingia unaletewa ofa nusu bei, wakati mimi niliyekuwa naingia kila siku sikuwahi kuiona hata mara moja, yaani mwaminifu ndo analipa zaidi.

Counter-Strike, ile gemu ya kupigana risasi, angalau wao ni soko. Ufunguo wa kufungulia boksi bei yake ilipangwa dola 2.49, ila boksi lenyewe wachezaji wanauziana, na lile ambalo halidondoki tena, yaani gemu haiwagawii tena wachezaji, bei huwa inapanda, kwa sababu kila mtu akifungua moja linapotea na mengine hayaji (au yanakuja kwa nadra sana). Hapo naelewa kwa nini hili ni senti na lile ni madola.

Lakini bei ya kuangalia sio hiyo iliyoandikwa. China walilazimisha kampuni zitaje uwezekano wa kupata kila zawadi kuanzia 2017, ndo tukajua kisu kwenye Counter-Strike, ile zawadi adimu kabisa, ni asilimia 0.26. Piga hesabu, ni kama maboksi 385 kwa kisu kimoja, funguo tu karibu dola 960, na huo ni wastani, unaweza kufungua 385 ukatoka kapa. Boksi rahisi lenye uwezekano mdogo ni ghali kuliko boksi ghali, mimi hili nimelielewa nikiwa nimeshachelewa. Ubelgiji tangu 2018 wanayahesabu ya kulipia kama kamari, kwa hiyo kuna gemu ambazo huko hayauzwi kabisa, hamna cha bei nafuu wala ghali.

Msijaribu kujifanya mko nchi ya bei rahisi kwa VPN, ile programu ya kuficha uko wapi mtandaoni, akaunti inaweza kufungwa na skini zote, yaani yale mapambo ya silaha na wahusika, zikaenda nayo.

Nyota ya kwanza ni kwa sababu skini ni kali kweli. Ya pili ni kwa sababu uwezekano wameuandika, japo umefichwa nyuma ya kialama kidogo pembeni ambacho mimi nimekiona mwezi wa nane wa kucheza. Ile pasi ya msimu, ambayo unajua unalipa ngapi na unapata nini, hiyo peke yake ningeipa nne.