Chati ya ukutani ya Adamu hadi Yakobo: koo zimekaa, hesabu hazikai

Chati hii inauzwa kwenye meza za vitabu vya dini pande za Mwembe Tayari, Mombasa, imeviringishwa kama mkeka ndani ya mfuko wa nailoni. Bei ya kuanzia ni shilingi 600, na inashuka ukiongea vizuri. Ni karatasi ya A1, yaani sentimita 59 kwa 84, imepakwa plastiki pande zote mbili. Juu kuna siku saba za uumbaji, katikati nasaba toka Adamu hadi Tera, chini jamaa ya Ibrahimu mpaka wana 12 wa Yakobo. Jina la mchapishaji halimo, ila pembeni wameandika kwa herufi nene kwamba kila kitu kimetoka kwenye maandiko ya Kiebrania. Dai hilo ndilo la kupimwa.

Tuanze chini, maana huko ndiko kuzuri. Aliyeichora alisoma Mwanzo 11 na 22 kwa pamoja. Harani, nduguye Nahori, anashuka kwa Lutu, Milka na Iska. Kisha mstari wa Milka unapinda kurudi kwa Nahori, ami yake aliyemwoa. Wana wanane wa Milka wapo, wanne wa suria Reuma pia, na kwa Bethueli unawakuta Rebeka na nduguye Labani. Ukifika kwa Yakobo unaona palepale kwamba Lea na Rakeli ni mabinti wa mjombake, ndoa ambayo mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa. Watoto wa Yakobo wamepewa rangi kwa mama zao: sita wa Lea pamoja na Dina, ambaye mara nyingi husahaulika, kisha wawiliwawili wa Zilpa, Bilha na Rakeli. Ismaili anao wanawe 12 wote, Nebayothi hadi Kedema, na Ketura, mke mwingine wa Ibrahimu, sita wake. Sehemu hii sina kasoro ya kuitoa.

Katikati mambo yanaharibika. Methusela ameandikiwa kwamba alimzaa Lameki akiwa na miaka 167. Hiyo ni hesabu ya baadhi ya nakala za tafsiri ya kale ya Kigiriki. Kiebrania kinasema 187. Wengine wote kwenye safu wana miaka ya Kiebrania. Basi jumlisha: 167, na 182 za Lameki alipomzaa Nuhu, na 600 za Nuhu gharika ilipokuja, unapata 949. Methusela aliishi 969. Kwa hiyo, kwa chati hii, mzee amepita gharika na kuishi miaka 20 zaidi, ilhali waliopona safinani ni wanane na yeye hayumo. Kwa 187 jumla inakuwa 969 kamili, anakufa mwaka uleule wa gharika. Isitoshe, chini ya safu wamechapa 1656 toka uumbaji hadi gharika, jumla sahihi ya Kiebrania, lakini miaka iliyo juu yake inatoa 1636.

Kosa la pili limejificha zaidi. Abramu, ndiye Ibrahimu, amewekwa mwaka wa 1948 tangu uumbaji, na kando ya Adamu pameandikwa 4004 KK. Mwaka huo wa 4004 ni wa James Ussher, askofu mkuu wa Armagh wa karne ya 17. Yeye hakuhesabu kwamba Abramu alizaliwa babake Tera akiwa na miaka 70, hesabu inayotoa 1948. Alichukua 205, umri wa Tera alipokufa katika mji wa Harani, akatoa 75, umri wa Abramu alipoondoka huko, akapata 130. Kwake Abramu ni wa mwaka 2008. Chati imeazima mwanzo wa Ussher na mwisho wa wengine, miaka 60 ikapotelea katikati.

Utepe wa uumbaji ni hovyo. Neno "vyema" limepigwa chini ya siku zote sita. Kwa Kiebrania siku ya pili haina kauli hiyo, ya tatu na ya sita zinayo mara mbili. Ni Kigiriki kilichoiongezea siku ya pili. Kisha picha ya siku ya sita inaonyesha ubavu wa Adamu, ambao ni wa sura ya pili, simulizi ambamo mtu anaumbwa kabla ya wanyama, kinyume na sura ya kwanza. Mwanafunzi akiuliza kipi kilitangulia, mwalimu ataumbuka mbele ya picha yake mwenyewe.

Kabla ya kulipa, ifungue utafute Methusela. Ukikuta 187, huenda ni toleo lililorekebishwa, endelea kukagua. Tazama pia plastiki: izidi karatasi kwa milimita tano hivi kila upande. Zilizokatwa sambamba na karatasi huingiza unyevu wa hapa kwetu, pembe zikaachana na wino ukavimba. Misumari ipite kwenye pambizo la plastiki tu, isiguse karatasi. Namba usizisahihishe kwa maka, inafutika kwa jasho la vidole. Bandika stika nyeupe uandike kwa biro.

Kwa darasa la watoto, kata utepe wa juu kwa mkasi, ziba ukingo mpya kwa selotepu pana, tundika kilichobaki. Kwa hicho kilichobaki nisingepita shilingi 450.