Upasuaji wa dharura baada ya vali kuwekwa kwa katheta: tathmini ya huduma tuliyoipata

Mama yangu aliwekewa vali mpya ya aota, yaani mlango wa moyo unaopitisha damu kwenda kwenye mshipa mkuu wa mwili (aota), kwa katheta, mrija mwembamba uliopitishwa kwenye mshipa wa kinena, na kabla hajatoka katika chumba cha matibabu alilazimika kupasuliwa kifua. Ninaitathmini huduma hiyo ya pili, ya upasuaji wa dharura, kwa kuwa familia nyingi huchagua hospitali kwa kuichunguza ya kwanza, ya katheta, peke yake.

Tangu daktari wa moyo Alain Cribier alipomwekea mgonjwa vali ya namna hii kwa mara ya kwanza, mjini Rouen, Ufaransa, mwaka 2002, utaalamu umekua kiasi kwamba katika vituo vyenye uzoefu anayehitaji upasuaji wa dharura ni chini ya mgonjwa 1 kati ya 100. Hata hivyo, takwimu za Ulaya zimeonyesha kuwa karibu nusu ya wanaofikia hatua hiyo hufariki hospitalini. Pete ya vali iliyojaa chokaa huweza kupasuka, aota huweza kuchanika, vali yenyewe huweza kuponyoka mahali pake, au waya mgumu unaoiongoza ukatoboa ventrikali ya kushoto, chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini.

Kwa mama ulikuwa waya. Damu ilijaa katika mfuko unaouzunguka moyo, moyo ukabanwa, na shinikizo la damu likaporomoka. Madaktari walianza kwa kuinyonya damu hiyo kwa mrija, hatua ambayo kwa wagonjwa wengine hutosha; ilipoendelea kuvuja, daktari bingwa wa upasuaji, aliyekuwa jengo hilohilo, alifungua kifua na kushona tundu, huku mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu wakati wa upasuaji ikiwa imeandaliwa pembeni. Hakuna aliyepigiwa simu nyumbani. Ninaamini hilo ndilo lililomwokoa.

Ninalolithamini zaidi lilifanyika mapema. Wengi huchaguliwa njia ya katheta kwa sababu umri, mapafu au figo zao hufanya kupasuliwa kifua kuwe hatari kubwa mno, hivyo mama aliulizwa waziwazi, sisi tukiwa hapo, kama angetaka kufunguliwa endapo mambo yangeharibika. Alikubali, na jibu lake likaandikwa kwenye faili. Wapo wanaokataa, nao wana haki hiyo. Lisilokubalika ni kumwachia mtoto uamuzi huo mlangoni huku mzazi akivuja damu.

Upungufu mkubwa ulikuwa wa mawasiliano. Tulikaa ukumbini kwa saa nyingi bila neno lolote, ilhali muuguzi mmoja angetosha kutueleza. Uangalizi katika wodi ya wagonjwa mahututi na mazoezi ya viungo yaliyofuata vilikuwa vizuri.

Ninaipendekeza huduma hii. Anayempeleka mgonjwa wake aulize kama siku hiyo daktari wa upasuaji na mashine vitakuwa hapohapo, na nani atakuwa akiwapa ndugu taarifa.