Land Rover 109 yangu na duka la spea lililoniuzia breki za 88

Muuza spea kukuuzia kitu feki nimezoea. Kukuuzia kisichokuwa chako, halafu akasema gari yako ndiyo yenye matatizo, hiyo ni mpya kwangu.

Gari ni Land Rover 109, ile ndefu, Series III ya mwaka 1976, ya marehemu baba mkubwa. Ilikaa miaka imeegeshwa nyuma ya nyumba Kikuyu, hapa Dodoma mjini. Bodi ni alumini, haili kutu, na chesisi ukame wa Dodoma uliihurumia. Ingekuwa Tanga tungeshaizika. Habari za injini siziingii, inanguruma. Kilichobaki kilikuwa breki.

Kuna duka hapa mjini ambalo kila fundi atakuelekeza ukitaja Land Rover ya zamani. Nikaenda. Nikasema wazi: breki shuu za 109, vile vipande vinavyobana dramu ukikanyaga breki, miguu yote minne. Kijana wa kaunta hakuinua hata macho kwenye simu, akasukuma maboksi. Pesa niliyotoa ningepata mbuzi wa maana pale mnada wa Msalato.

Fundi alipozifunga, dramu, lile bakuli la chuma linalofunika shuu, ikarudi mahali pake na kuzunguka kama hakuna kitu ndani. Zinapwaya! Akatoa futi kamba: dramu ya 109 ni inchi 11, hizi shuu ni za dramu ya inchi 10, ambayo ndiyo ya 88 nyingi, zile fupi. Tukageuza boksi. Ubavuni, kwa maandishi ya sisimizi: 88.

Nikarudi. Kijana akanijibu: "Mzee, Land Rover ni Land Rover. Mwambie fundi wako akaze adjasta, zitashika tu."

Zitashika tu! Gari ambayo nataka kushuka nayo milima ya Kolo nikitoka Kondoa! Nikamwambia sidai hela, nibadilishie. Akanionyesha bango kwa kidole: mali ikiuzwa hairudishwi. Halafu akaongeza, wateja wote wanasikia: "Kwani hiyo si ungeiuza chuma chakavu ukanunua Toyota IST?" Wakacheka. Na mmoja wao alikuja kununua fenibelti ya trekta bovu kuliko gari yangu.

Nawapa sifuri.

Ila haki isemwe. Gasketi ya silinda hedi niliichukua hapo hapo na mpaka leo haijavuja tone. Siku ile alikuwepo mwenye duka mwenyewe, mzee mmoja mpole, aliyeniuliza namba ya chesisi kabla hajapanda ngazi kwenye rafu. Ukimkuta yeye uko salama. Basi niseme sifuri ni ya kijana.

Hapana, nafuta. Droo ya hela ni moja, na bango kalitundika huyo huyo mzee mpole.

Breki zilipona kwa fundi wa lainingi: alibandua lainingi, ule utando unaosugua dramu, kwenye shuu zangu za zamani, akapiga mpya na riveti zake, kwa bei ya soda mbili tatu ukilinganisha na yale maboksi. Inavuta kushoto kidogo, lakini inasimama. Kwa nini nisianzie kwake, sijui. Mjini kila mtu anakuelekeza dukani.

Sasa haba za mbele, vile vitovu vya magurudumu, zinavuja grisi, nahitaji oili sili za kuizuia, na zinapatikana wapi? Pale pale. Nitaenda. Safari hii nabeba haba nzima, na mafuta yake, naiweka juu ya kaunta yao.