Uzoefu wangu: pakiti tano za viungo vya Afrika Magharibi

Pakiti ni hizi: iru, uda, ehuru, atare na yaji. Duka ni la mtandaoni na mzigo unatoka Nigeria. Iru ni gramu 200, nyingine gramu 100 kila moja. Baada ya miezi minne ya kuzipikia, iru na uda nitaziagiza tena bila kufikiri mara mbili. Yaji ya kuchanganywa tayari, hapana.

Nianze na iru, maana ndiyo inayowatisha watu. Ni mbegu za mti wa Parkia biglobosa zilizochemshwa saa nyingi, zikamenywa, zikachemshwa tena, kisha zikavundikwa siku mbili tatu mpaka zikaota utelezi. Wayoruba huiita iru, Wahausa dawadawa. Mali na Burkina Faso ni soumbala, Senegal nététou. Ukifungua pakiti utapigwa na harufu ya amonia. Haijaharibika, ndivyo ilivyo. Iliyoharibika ina ukungu. Niliyoletewa ni ya punje nzima, iru woro. Ile iliyopondeka, iru pete, huyeyukia kwenye mchuzi na ingemfaa zaidi anayeanza.

Kasoro yake ni mchanga. Usiitie chunguni kama ilivyotoka kwenye pakiti. Iweke kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, isugue kwa vidole, kisha zichote punje kwa mkono na uache maji nyuma; ukimimina kwenye chujio, mchanga unarudi pale pale juu ya punje. Rudia mara mbili, haraka haraka, kwa sababu ikikaa majini muda mrefu ladha yote inabaki bakulini.

Kwa chungu cha watu wanne, kijiko kimoja cha chakula kinatosha. Pasha mafuta ya mawese bila kuyaacha yafuke moshi, kaanga kitunguu kilainike, tia iru na uikoroge dakika mbili hadi tatu. Ule ukali wa pua utashuka na itabaki harufu inayokaribia ya nyama ya kukaanga. Hapo ndipo unatia nyanya na pilipili zilizosagwa na kukaushwa maji, na mboga mwisho. Ukitumia mchicha umepata efo riro ya kweli, ile mboga ya majani ya Kiyoruba, maana Wayoruba nao hutumia mchicha. Ukiitia iru mwishoni, haikupata mafuta ya moto, na chungu kizima kitanuka amonia. Chumvi isubiri: iru hii imetiwa chumvi tayari, na ukiongeza na kipande cha Maggi kama ilivyo kawaida siku hizi, mboga hailiki. Kwenye maharage yasiyo na nyama, nusu kijiko kinafanya kazi kubwa kuliko Maggi mbili.

Iliyobaki igawe mafungu madogo, uitie kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, iende friza. Mfuko wa plastiki hauzuii harufu. Siagi iliyo jirani itakuwa ya kwanza kuathirika.

Uda ni maganda membamba meusi ya Xylopia aethiopica. Ghana ni hwentia, na Senegal, kwa jina la djar, ndiyo inayoipa kahawa ya Touba ladha yake. Utamu, wenye moshi kidogo, uko kwenye ganda. Mbegu ni chungu. Livunje ganda, kung'uta mbegu, ligonge mara moja kwenye kinu, na utie maganda matatu kwa lita 2 za supu ya mbuzi, nusu saa kabla ya kuepua. Yatoe kabla ya kupakua. Uda ya unga usinunue: mara nyingi husagwa pamoja na mbegu.

Ehuru iko karibu na kungumanga ila haina utamu ule. Ikaange kavu kwa moto mdogo, dakika tano hivi, ganda likipasuka limenye na usage kokwa. Kokwa nne kwa supu ya lita moja na nusu. Atare ni ndugu wa iliki, na ukali wake unafanana na wa pilipili manga. Ni nzuri, lakini isagwe dakika ile ile unapoihitaji.

Sasa yaji, kiungo cha mishikaki ya Kihausa, suya. Msingi wake ni kuli-kuli, yaani mashudu ya karanga yaliyokaangwa yakakauka, pamoja na tangawizi, pilipili na uda. Pakiti niliyoletewa ilikuwa imegandamana na inanuka mafuta yaliyochacha. Sababu ni moja: karanga hazikukamuliwa vya kutosha kabla ya kusagwa. Mafuta yakibaki, unga unashikana, na katika pakiti inayopitisha hewa unachacha kabla hujafika nusu.

Kwa hiyo naitengeneza. Karanga zilizokaangwa na kumenywa, gramu 200, zisagwe kidogo kidogo mpaka zianze kushikana, kisha zikamuliwe kwa kitambaa safi kwa nguvu zote. Makapi yaanike kwenye oveni ya moto mdogo, yapoe kabisa, ndipo uyasage tena. Yakisagwa yana joto yatarudi kuwa uji. Vijiko vinne vya unga huo, kimoja cha tangawizi kavu, kimoja cha pilipili kavu, maganda matatu ya uda bila mbegu, chumvi. Nyama ikatwe nyembamba kama kitambaa, ipakwe mafuta kidogo, na nusu kilo ichukue vijiko vitatu. Ikae saa moja. Mkaa usiwe na mwali, kwa kuwa karanga huungua kabla nyama haijaiva na kuacha uchungu. Yaji nyingine inyunyizwe juu baada ya kuepua, pamoja na kitunguu kibichi.

Kwenye friji inadumu wiki mbili hivi. Ikianza kushikana kijikoni, imwage.