St Fagans, Cardiff: tulienda kuona nyumba za zamani, mama mkwe akafunguka

Jamani hii makumbusho ya St Fagans, nje kidogo ya Cardiff huko Wales, mi nilikuwa naipita tu nikijua ni ya watoto wa shule, kumbe. Safari hii tukampeleka mama mkwe, mtu wa kijijini kabisa huko Ceredigion, ambaye miaka yote niliyokaa kwenye hii familia ukimuuliza habari za utotoni anakujibu "tulikuwa na ng'ombe, mvua ilikuwa inanyesha", maongezi yamekwisha.

Kiingilio bure, pakingi ndo unalipia. Usitegemee vitu vya kwenye makabati ya vioo, hapa ni nyumba zenyewe, zaidi ya 40, zimebomolewa jiwe kwa jiwe kote Wales zikaletwa kujengwa upya. Ilifunguliwa 1948, mwaka aliozaliwa mama mkwe, aliposikia akasema basi sisi ni rika moja, ila mwenzangu wanamkarabati 😂

Kuna nyumba sita za mstari mmoja kutoka Merthyr Tydfil, kila moja imepangwa kama mwaka wake: 1805, 1855, 1895, 1925, 1955 na 1985. Mume wangu akanasa kwenye ya 1985. Mama mkwe kuingia ya 1955 akanyamaza, halafu akaanza. Hizo ni nyumba za watu wa viwanda vya chuma na kwao walikuwa wakulima, lakini alisema mama yake angekuwa amesimama palee, planc iko motoni (kile chuma bapa cha kuchomea vikeki vya zabibu kavu), yeye na kaka yake wanagombania kile cha kwanza ambacho lazima kiungue upande mmoja. Mi sijawahi hata kujua kama ana kaka!

Kanisa la Pen-rhiw la 1777 ndo lilinimaliza. Akatuambia kanisani kwao kila Jumapili mtoto alikuwa anasimama kutoa mstari wa Biblia kwa kichwa, sasa wavivu wote wanatoa uleule mfupi, Duw cariad yw, yaani Mungu ni upendo, mpaka mchungaji akaweka sheria huo mstari autoe mtoto mmoja tu kwa Jumapili, ikawa mbio za kuwahi kukaa mwanzo wa benchi.

Shule ya Maestir ni chumba kimoja tu, ila humo ndo unaelewa habari ya Welsh Not, kile kibao walichokuwa wanavishwa watoto shingoni karne ya 19 wakikamatwa wanaongea Kiwelisi. Mama mkwe hayakumkuta hayo, lakini alisimama mbele pale kwa mwalimu akawaita wajukuu kwa Kiwelisi, kwa sauti, na wao wakamjibu kwa sauti "Ie, Mam-gu!" (ndiyo, bibi!), watu wote wakageuka.

Ushauri: vaeni viatu vya matope, na kama mna mzee msijaribu kumaliza vyote siku moja, ni kutembea sana. Mkate wa Derwen, tanuri ya mikate iliyomo humohumo makumbusho, nayo ilitoka Aberystwyth, nunueni miwili, sisi tulinunua mmoja ukaisha kabla hatujafika garini.

Kumrudisha kwake njia nzima anaongea yeye tu, ng'ombe mmojammoja kwa jina, mpaka tulipofika Carmarthen ndo akasinzia.